Mashua ya Kuokolea na Mashua ya Kuokokea: Uhakiki wa Istilahi za Vyombo vya Majini katika Tafsiri Moja

Tulipokuwa Kibaigwa, wilayani Kongwa, katika ziara ya kuzungumza na walimu na watumishi wa serikali juu ya matumizi ya istilahi, mwalimu mmoja alitukabidhi kijitabu chembamba, kilichobanwa kwa pini, kisicho na jina la mfasiri. Ni tafsiri ya maelezo ya Kiingereza kuhusu urithi wa bahari wa Waingereza: meli zao za kale zilizohifadhiwa, vyombo vyao vya kuokoa watu baharini, na mahali ambapo meli hujengwa na kutengenezwa. Mwalimu alikuwa akikitumia kwa mazoezi ya ufahamu. Hakukilalamikia. Aliuliza jambo moja tu: "Ndugu zangu, hii meli iliyo katika bandari kavu, ilifikaje huko?"

Swali lile ndilo lililotufanya tukisome kijitabu chote, na makala haya ni matokeo ya kusoma huko.

Meli aliyoiulizia ni SS Great Britain, iliyobuniwa na Brunel na kuingizwa majini mjini Bristol mwaka 1843. Baada ya kutelekezwa miaka mingi katika visiwa vya Falkland, mwaka 1970 ilikokotwa mpaka nyumbani na kurudishwa palepale ilipojengwa. Mfasiri aandika kwamba meli hiyo "imo katika bandari kavu". Sasa, barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma yapita katikati ya Kibaigwa, na malori yenye makasha hupita usiku na mchana. Mtoto wa hapo anajua bandari kavu ni nini: ni Isaka, ni Kwala, ni uwanja ulio mbali na bahari ambapo makasha huteremshwa na kukaguliwa. Akisoma sentensi ile ataiona meli nzima imewekwa juu ya nchi kavu, kati ya makasha na malori. Swali la mwalimu, basi, lilikuwa la haki kabisa, na kosa si la msomaji.

Kinachotajwa na Kiingereza pale ni shimo kubwa lililojengewa ukingoni mwa maji, lenye mlango. Meli huingia maji yakiwa yamejaa, mlango hufungwa, maji yakavutwa kwa pampu, na meli ikabaki imekaa juu ya magogo ili mafundi waufikie mkuku wake. Kitu hicho kina jina katika Kiswahili, nacho ni gudi. Neno hili limo katika kamusi tangu za wakati wa ukoloni, na watu wa pwani walilitumia kabla ya hapo. Mfasiri hakulitafuta. La kushangaza zaidi, Cutty Sark, meli ya matanga iliyojengwa mwaka 1869 na kuwekwa katika gudi la Greenwich tangu 1954, yeye aiweka "katika gati". Na HMS Victory, ambayo imo katika gudi la Portsmouth tangu 1922, aiweka "katika kituo cha meli". Kitu kimoja kimepata majina matatu katika kurasa nne. Gati ni mahali meli ifungwapo ikapakia na kupakua, ikiwa bado inaelea. Meli iliyo gatini yaweza kuondoka kesho. Iliyo katika gudi haiendi popote mpaka maji yarudishwe. Tofauti hii ndiyo kiini cha habari yenyewe, kwa kuwa meli hizo zimehifadhiwa kwa sababu zimetolewa majini.

Hapa yatupasa tukiri kwamba neno gudi halina bahati. Wengi wa wasomaji wetu hawajalisikia, na huko Mwanza, katika ujenzi wa meli mpya na ukarabati wa MV Victoria, neno lililoshika ni chelezo. Lakini chelezo cha Mwanza si gudi. Ni mteremko wenye reli ambao meli hupandishwa juu yake kutoka majini, au hushushwa kutoka juu yake. Tena katika kamusi za zamani chelezo ni kitu kieleacho, yaani boya. Na asili yake katika kitenzi kuelea yaonekana wazi. Boya nalo, kwa abiria wengi wa meli za ziwani, limekuwa jina la jaketi la kuvaa kifuani. Hivyo neno moja limehama likamsukuma jirani yake, na jirani akamsukuma mwingine. Hatuoni haja ya kupigana na mafundi wa Mwanza juu ya chelezo. Matumizi yao yameenea na yanafaa. Tunachokataa ni mfasiri kudhani kwamba kwa kuwa Waingereza huita gati, gudi na pengine bandari nzima kwa neno moja, basi nasi tuchague moja tu na kulitupia kila mahali, au, kama alivyofanya yeye, tutupe yoyote.

Hayo ni ya kuudhi tu. Sehemu ya pili ya kijitabu ina hatari.

Ukurasa wa tisa waeleza habari mbili. Ya kwanza ni ya taasisi ya hiari iliyoundwa London mwaka 1824 kwa juhudi za Sir William Hillary, ambayo mpaka leo huweka mashua na mabaharia wa kujitolea katika pwani za Uingereza na Ayalandi, wakitoka nchi kavu kuwafuata walio hatarini. Ya pili ni ya meli Titanic, iliyozama mwaka 1912 ikiwa na watu zaidi ya 2,200, huku mashua zake 20 zikiwa na nafasi ya watu 1,178 tu. Msiba uliosababisha mataifa kukutana London na kufanya mkataba wa kwanza wa usalama wa maisha baharini mwaka 1914. Katika habari zote mbili Kiingereza chatumia neno lilelile, na mfasiri katumia "mashua za kuokolea" kotekote. Tuliwaomba walimu watano wasome ukurasa huo, kisha waeleze kwa nini watu wengi walikufa. Watatu walijibu kwamba mashua za taasisi zilichelewa kufika.

Jibu hilo si sahihi, lakini ndilo linalotokana na maneno waliyopewa. Mashua ya kuokolea ni ile ambayo mtu huitumia kumwokoa mwenzake. Mashua za Titanic hazikuwa za kumwendea mtu; zilikuwa za waliomo melini kuingia na kujinusuru. Kiswahili kina kitenzi cha kufanya, kuokoa, na kitenzi cha kupatwa na hali, kuokoka. Na kila kimoja kina kauli yake ya kutendea. Twapata kuokolea na kuokokea. Basi inayotoka pwani kuwafuata watu ni mashua ya kuokolea, na inayoning'inia ubavuni mwa meli ni mashua ya kuokokea. Sauti moja tu yatenganisha vitu viwili ambavyo Kiingereza kimevichanganya kwa muda mrefu. Hata Mkataba wa Kimataifa wa mwaka 1974 umelazimika kukitaja mbali chombo cha kuhamia meli inapoachwa, na mbali chombo kidogo cha kuwafuata walioanguka majini.

Tulipolitoa pendekezo hili pale Kibaigwa, mwalimu mmoja alicheka, akauliza kama mashua hiyo ya kuokokea ina mhubiri. Ni kweli kwamba katika miji yetu mingi kuokoka kumekuwa neno la makanisa. Hoja hii tumeipima, nasi twaona haitoshi kulikataa neno. Mtu aliyetoka katika ajali ya basi husema "nimeokoka" wala hakuna amwulizaye dhehebu lake. Wenye mashaka zaidi wanaweza kusema mashua ya kujiokolea, maadamu hawarudi kwenye neno moja kwa vyote viwili.

Baadhi ya wasomaji watauliza kwa nini tusumbuke hivi kwa habari za Waingereza. Tusumbuke kwa sababu ya MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996, na MV Spice Islander I, ya tarehe 10 Septemba 2011, na kivuko MV Nyerere, kilichopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na kuua watu zaidi ya 200. Abiria anayesoma kibao melini anapaswa kujua kama mashua iliyotajwa ni yake, ya kuingia sasa hivi, au ni ya mabaharia kuwafuata walio majini. Naye mtumishi anayeandika taarifa ya ukaguzi, kwamba chombo fulani kina mashua mbili za kuokolea, anapaswa kutuambia ni zipi. Ndege ilipoanguka katika Ziwa Viktoria karibu na Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, wavuvi waliifikia kwa mitumbwi yao. Mitumbwi ile siku hiyo ilikuwa vyombo vya kuokolea kwa maana kamili ya neno, ingawa hakuna orodha ya vifaa iliyoitaja.

Wako pia wanaosema kwamba msamiati wa bahari haufai kusumbua watu wa bara ya kati, ambao maji yao ni ya kisima na lambo. Twadhani wamesahau mengi. Kinachoshikilia reli kuanzia Dar es Salaam, kupitia Dodoma, hata Kigoma, kiliitwa taruma. Na taruma ni mbao ya kuimarisha chombo cha baharini. Reli ya bara imeazima neno la jahazi. Na hapohapo Kongwa, katika mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947, pori lililoshinda matrekta lilifyekwa kwa minyororo ya nanga za meli, iliyofungwa kati ya mashine mbili na kuburutwa ardhini. Mpango wenyewe ulivunjwa mwaka 1951. Nanga, basi, ilikwisha kufika Kongwa kabla ya kijitabu.

Tumebakiza ukurasa wa mwisho, na hapo hatuna budi kumsifu mfasiri. Umeongezwa na yeye mwenyewe, bila Kiingereza mbele yake, nao wahusu Liemba ya Ziwa Tanganyika: ilivyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa kwa bahari na reli hadi Kigoma, ikaundwa upya na kushuliwa Februari 1915 kwa jina la Graf von Götzen, kisha ilivyoopolewa na Waingereza mwaka 1924 na kuanza tena safari mwaka 1927. Kushua na kuopoa ni maneno hasa ya kazi hiyo, na hayakutokea hata mara moja katika kurasa alizofasiri. Kwa Great Britain aliandika "ilizinduliwa", kana kwamba ni zahanati.

Kosa lake moja katika ukurasa huo ni kusema kwamba meli hiyo "ilizama" Julai 1916. Haikuzama, ilizamishwa. Wajerumani wenyewe waliipaka mashine zake grisi, wakaijaza mchanga na kuiteremsha chini taratibu ili adui asiipate, nao wapate kuirudia. Aliyezipaka grisi zile alikuwa na nia, na nia hiyo imo katika kauli ya kutendesha.

Tunawaomba wasomaji wetu wa Mwanza, Kigoma, Tanga na Unguja watuandikie watueleze kama mafundi wao bado wanatofautisha gudi na chelezo, na kama kuna neno jingine la mteremko wa Mwanza ambalo sisi hatukulipata. Jedwali la istilahi hizi halitapelekwa mbele kabla ya majibu hayo.