Sifuri ya vifo vya uzazi nayo ihakikiwe

Utafiti wa afya na idadi ya watu wa Tanzania wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo 556 vitokanavyo na uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukatoa 104. Hatua ni kubwa, lakini makadirio hayo hupatikana kwa kuwauliza wanawake habari za dada zao waliofariki, nayo husema habari za nchi nzima kwa miaka kadhaa iliyopita. Mganga mkuu wa wilaya anayetaka kujua mwezi uliopita kwake walifariki wajawazito wangapi hana pa kushika ila MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya.

Huko safari huanzia kwenye karatasi. Mkunga akishazalisha, hujaza mstari mmoja katika kitabu namba 12, rejista ya wodi ya wazazi. Mahudhurio ya kliniki yana kitabu namba 6. Mwisho wa mwezi mistari huhesabiwa, fomu ya muhtasari hujazwa na kupelekwa halmashauri, na tarakimu huingizwa kwenye DHIS2, programu iliyoasisiwa Chuo Kikuu cha Oslo na ambayo Tanzania iliisambaza nchi nzima kufikia 2013. Faida yake ni kwamba wilaya, mkoa na wizara sasa husoma tarakimu ileile kwa wakati mmoja.

Kasi hiyo haikusahihisha kilichoandikwa kule chini. Dawa ya hilo ni ya kizamani: timu ya halmashauri hufika zahanati, hufungua rejista na kuhesabu upya kidole kikiwa kwenye mstari, kisha hulinganisha na fomu na kilichomo kwenye mfumo. Tofauti ikizidi asilimia 10, kuna la kuuliza. Mara nyingi ni mama aliyepewa rufaa akahesabiwa mara mbili, au ukurasa uliorukwa na mkunga aliyekuwa zamu peke yake.

Kigawanyo nacho kina vituko vyake. Idadi ya wajawazito wanaotarajiwa hutokana na sensa na makisio ya ongezeko la watu. Kata iliyokisiwa kupata vizazi 400 ikizalisha wanawake 440, wengine wakitoka kata jirani, taarifa itasoma asilimia 110. Anayejipongeza kwa asilimia hiyo hajaielewa.

Lakini penye uzito zaidi ni kwenye vifo vyenyewe. Kifo cha uzazi huhesabiwa hadi siku 42 baada ya ujauzito kukoma, na si lazima kitokee wodi ya wazazi. Mama aliyejifungua wiki tatu zilizopita akilazwa wodi ya kawaida na kufariki kwa homa kali, anaweza kuandikwa malaria tu, kitabu namba 12 kisijue. Ndiyo maana hospitali makini hupitia vifo vyote vya wanawake wa miaka 15 hadi 49: wodi zote, chumba cha upasuaji, mochwari. Kwa kila mmoja huulizwa swali moja: alikuwa mjamzito, au alijifungua karibuni? Aliyefia nyumbani hatapatikana humo; anayeweza kumtaja ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii au mwenyekiti wa kitongoji.

Tena kuna jambo la kiufundi ambalo wengi hawalijui. DHIS2, isipopangwa vinginevyo, haihifadhi sifuri. Kituo kilichohakikisha kwamba hakuna aliyefariki na kituo ambacho hakikujaza kisanduku hicho huonekana sawa. Mpangilio huo hubadilishwa na msimamizi wa mfumo kwa dakika chache, na kwa kipengele cha vifo vya uzazi sioni sababu ya kuuacha.

Hofu ya lawama nayo hupunguza vifo kwenye karatasi. Mkunga anayejua kwamba kikao cha kujadili kifo kitaishia kwenye barua ya kujieleza hana haraka ya kutoa taarifa. Kwa hiyo waganga wakuu wa wilaya, hospitali inayozalisha maelfu ya akina mama ikileta sifuri mwaka mzima, msiipe cheti kabla hamjafungua rejista zake.