Njoroge na Cheti Chake: Rangi na Fahari ya Masomo katika Shule za Embu na Meru

Wahakiki wengi walioichambua Weep Not, Child, riwaya ya Ngugi wa Thiong'o iliyotoka mwaka 1964, wamemwona Njoroge kuwa kijana legelege, mwenye kuota ndoto wakati wenziwe wanapigana. Hukumu hiyo ina ukweli wake. Lakini yaelekea imetolewa na watu waliokwisha kuufaulu mtihani ule ambao Njoroge hakuwahi kuufanya, na ambao kwa sababu hiyo wameusahau uzito wake. Katika makala haya nakusudia kumtazama Njoroge kama mwanafunzi tu, nami nitamsoma kwa macho ya wanafunzi wa Embu na Meru, ambako niliifundisha riwaya hii kwa miaka kadhaa kabla ya kuhamia chuo kikuu.

Tuanze na historia kidogo. Baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952, serikali ya kikoloni iliwatia Wakikuyu, Waembu na Wameru katika fungu moja la washukiwa. Shule huru zilifungwa. Kuanzia mwaka 1954 watu walihamishiwa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki. Na mwaka 1957 hakuna mtu wa makabila hayo matatu aliyeweza kupiga kura bila cheti cha uaminifu. Elimu nayo iligawanywa kwa rangi. Kwa mtoto wa Kizungu ilikuwa ya lazima tangu mwaka 1942. Kwa mtoto wa Kiafrika, mpango uliotokana na ripoti ya Beecher ya mwaka 1949 uliweka chujio baada ya darasa la nne na jingine baada ya la nane, na waliopenya wakawa wachache mno. Mwisho wa safari hiyo ulikuwa mtihani wa Cambridge, ambao mwana wa mlowezi naye aliufanya. Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Katika nchi ambamo ardhi, mshahara na hata kitanda cha hospitali vilipimwa kwa rangi, karatasi ya Cambridge ilimwezesha mtoto wa Meru kudhani kuwa hapa angalau anawekwa katika mizani moja na mtoto wa mlowezi. Fahari ya alama haikuzuka kwa majivuno matupu.

Ngugi aliyajua haya kutoka ndani. Aliingia Alliance mwaka 1955, na aliporudi nyumbani kwa likizo ya kwanza alikuta kijiji chao kimebomolewa. Habari hiyo ameieleza katika kumbukumbu zake, In the House of the Interpreter (2012). Mwalimu mkuu wa Siriana, shule ya riwayani, si mtu mwovu. Anaipenda kazi yake. Hata hivyo anaamini kuwa kilicho bora kabisa hakiwezi kutoka ila kwa Mzungu. Msomaji asipite hapa haraka. Mtu huyu hawakatii tamaa wanafunzi wake. Anawatarajia mengi, na matarajio yenyewe ndiyo yanayowadhili, kwa maana kila anayefaulu amefaulu kufanana na mtu mwingine.

Kisha yaja mandhari ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo bora katika sehemu hiyo ya kitabu. Timu ya shule ya Wazungu inakuja Siriana kucheza mpira, na Njoroge anakutana na Stephen, mwana wa Bwana Howlands. Wanakumbuka kwamba zamani walionana njiani. Kila mmoja alitaka kusema na mwenzake, na kila mmoja aliogopa. Ngugi ameandika mazungumzo hayo kwa sentensi fupi zisizo na pambo. Mizani ya kweli inapatikana kando ya uwanja, mbali na chumba cha mtihani, na kinachopimwa ni hofu.

Hata hivyo sina budi kumpinga msanii kidogo. Hofu za vijana hawa wawili zimewekwa sambamba kana kwamba zina bei moja. Hazina. Njoroge alipofaulu kwenda Siriana, wanakijiji walichanga fedha, akawa mwana wa nchi nzima. Hakuna aliyemchangia Stephen, wala hakuna aliyemngoja. Yeye anakwenda Uingereza. Njoroge anachukuliwa na polisi kutoka shuleni. Na Mwihaki je? Naye anafaulu, lakini anaishia chuo cha ualimu karibu na kwao, na riwaya haisikitiki sana juu ya hilo.

Linganisha na Micere Githae Mugo, aliyezaliwa mwaka 1942 huko Baricho, Kirinyaga, iliyokuwa sehemu ya wilaya ya Embu wakati wa ukoloni. Baada ya Alliance ya wasichana, alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kukubaliwa katika shule ya wasichana ya Limuru, ambayo hapo awali ilikuwa ya Wazungu. Hapa hapakuwa na mechi ya alasiri moja, wageni wakapanda gari wakaondoka. Palikuwa na darasa moja, bweni moja na mtihani mmoja. Mwanafunzi wa Kizungu aliyeanguka alianguka peke yake. Aliye mweusi angeanguka na watu wake wote. Mwihaki wa namna hiyo hayumo katika riwaya, na pengine ndiyo sababu ninafurahi kwamba mwaka 1976 Ngugi na Micere walitoa pamoja The Trial of Dedan Kimathi, ambayo twaijua kwa Kiswahili kama Mzalendo Kimathi. Humo mwanamke hangoji kuchaguliwa na mtu.

Sasa nirudi darasani. Katika shule niliyofundisha, mwanafunzi aliyeongoza katika hisabati aliitwa na wenzake "Mzungu", na aliitika akicheka. Wanaisimu watanikumbusha kuwa mzungu ni pia neno la kale la werevu au jambo la ajabu, na kwamba mizungu ni mafunzo ya jandoni na unyagoni. Nilijaribu hoja hiyo kwa wanafunzi wangu. Walinisikiliza kwa adabu. Walijua vema kuwa jina lile halikutoka unyagoni, nami nilijua. Kasumba haiondolewi kwa kamusi.

Tulipofika mwisho wa riwaya, wengi walimhurumia Njoroge kwa jambo moja: kwamba hakuufanya mtihani. Kifo cha baba yake na kamba aliyotaka kujinyongea viliwagusa kwa uchache. Nilikuwa tayari kuwakaripia, ndipo msichana mmoja wa kidato cha tatu aliponyosha mkono akauliza, "Mwalimu, na Stephen, yeye alifaulu?"

Tulipekua kurasa pamoja. Ngugi hasemi, na humo kitabuni hakuna hata mtu mmoja anayehitaji kuuliza.