Draivu Mpya, Hitilafu Ileile

Mashine ya kukereza ya CNC ikisimama katikati ya kazi na kioo kikaandika kwamba mkondo umezidi, karakana nyingi hukimbilia simu: agiza draivu. Ndivyo ilivyokuwa katika kisa hiki. Draivu ya servo ya mhimili wa X ikaletwa mpya, ikafungwa, mashine ikawaka, watu wakapumua. Kabla ya saa ya chai ikakata tena, kwa hitilafu ileile.

Aliyekabidhiwa kazi baada ya hapo hakuanza na bisibisi. Aliuliza tu: inakata lini? Swali hilo lina thamani zaidi kuliko namba ya hitilafu, kwa sababu namba hueleza draivu iliumia wapi, haisemi nani kaiumiza. Ikikata papo hapo inapowashwa, kabla mota haijaamriwa kitu, shuku transista za draivu au shoti ya wazi kwenye kebo. Ikikata wakati wa kuongeza mwendo, tazama mzigo, au breki ya mota iliyoshindwa kufunguka kwa kukosa volti zake 24. Ikikata inapopunguza mwendo, mara nyingi itaandika volti imezidi: mota imegeuka jenereta, umeme unaorudi umekosa pa kwenda, na huenda resista ya breki imeungua. Ikikata sehemu ileile ya safari yake kila mara, huenda kuna waya uliokatika ndani ya kebo inayopindapinda. Hii ilikata baada ya kama nusu saa, popote ilipofika, na ikipumzishwa usiku kucha inaamka salama. Joto lilikuwa na mkono hapo.

Alizima swichi kuu akangoja. Kungoja si woga. Umeme wa fezi tatu wa volti 400 ukishageuzwa kuwa DC hufika takriban volti 565, na kapasita huendelea kuzishikilia hata taa zote zikiwa zimezimika. Hakuamini muda ulioandikwa kwenye kibandiko peke yake. Alipima mpaka mita ikakaribia sifuri. Kisha akafungua nyaya za mota, U, V na W, akaweka mita kwenye kipimo cha daiodi na kupitia njia zote sita kati ya matokeo hayo na plasi na mainasi ya DC. Kila njia ilionyesha kati ya volti 0.3 na 0.5 upande mmoja, na upande wa pili haikupitisha kitu. Draivu nzima. Akaitoa ile ya zamani kwenye kabati la vibovu, akaipima vilevile: nzima nayo. Kipimo hicho hakigusi kila kitu kilichomo ndani ya draivu, lakini shoti ya transista huifichua, na kuishuku shoti hiyo ndiko kulikofanya watu waagize mpya.

Mota nayo ilikuwa imeshapimwa na mtangulizi wake, kwa mita ya kawaida, ikaonekana haivuji kwenda erthi. Hapa ndipo wengi hupotea. Mita ya mkononi huuliza kwa volti chache za betri, na insulesheni iliyolowa inaweza kuzizuia volti chache bila shida. Draivu inapofanya kazi haipeleki volti chache. Inafyatua mapigo ya volti 565 maelfu ya mara kwa sekunde, na kebo ikiwa ndefu, ncha ya pigo linapogonga mota inaweza kukaribia mara mbili ya hapo. Kipimo kinachofaa ni mega, mita ya kupimia insulesheni, ya volti 500, huku nyaya zimetolewa kabisa kwenye draivu na waya za enkoda haziguswi. Mega ikielekezwa kwenye draivu au enkoda, umezalisha hitilafu ya pili.

Kebo peke yake ilitoa mamia ya megaomu. Mota, ikiwa baridi asubuhi, ilitoa 30. Kwa viwango vya kampuni ya Fanuc, 100 kwenda juu ni nzuri, kati ya 10 na 100 koili zimeanza kuchakaa lakini kazi inaendelea, chini ya 1 mota ibadilishwe. Kwa hiyo 30 haikutosha kuihukumu. Akairudisha, akaiacha ifanye kazi mpaka ikakata, akapima upya ikiwa ya moto: 0.3.

Hesabu yake ndiyo iliyonivutia. Kwa kanuni ya mafundi, joto likipanda nyuzi 10 ukinzani wa insulesheni hupungua karibu nusu. Kutoka nyuzi 20 hadi 60, zile 30 zingeshuka mpaka karibu 2. Kufika 0.3 kunataka kitu zaidi ya joto, na kitu hicho ni majimaji. Megaomu 0.3 yenyewe haivujishi hata miliampea 2, mkondo usioweza kuiangusha draivu. Kinachoiangusha ni cheche inayoruka pale palipolowa, kwa kupepesa kwa jicho, halafu inatoweka bila alama.

Akafungua soketi ya mota. Pini zilikuwa na kutu ya kijani na chini kulikuwa na maji ya kupozea, yenye harufu yake. Soketi ilielekea juu, na kebo iliingia ikishuka moja kwa moja, hivyo kila tone lililotambaa juu ya ganda lake liliishia ndani.

Koili zilikaushwa, enkoda ikiwa imetolewa kwanza maana haivumilii joto la tanuri, kisha ikarudishwa na kupangwa upya kwenye pembe yake. Bila hivyo mota hukosa nguvu au hukimbia hovyo. Soketi ikabadilishwa na kugeuzwa ielekee pembeni, na kebo ikaachiwa tumbo linaloning'inia chini ya usawa wa soketi, ili matone yadondoke sakafuni.