Chungu Kikubwa cha Maua kwa Tenga na Wavu

Ukitaka kutengeneza chungu kikubwa cha maua hapa Ujiji, wazo la kwanza linalokujia ni kupunguza uzito wa zege kwa kuchanganya unga wa mbao, au yale makapi yanayobaki baada ya kukamua mawese. Naona hapo ndipo kazi inapoharibika. Makapi yana mafuta, na mafuta huzuia saruji kushika. Unga wa mbao mbichi una sukari inayoichelewesha saruji kuganda. Uzito uko kwenye unene wa ukuta.

Piga hesabu. Chungu cha duara chenye upana wa sentimita 60 na kimo cha 50, ukuta wake wa zege ukiwa sentimita 4, ni kilo 100 hivi. Kwa ukuta wa sentimita moja na nusu ni kilo 40 hivi, watu wawili wanakibeba.

Ukuta mwembamba namna hiyo hausimami kwa saruji tupu. Joseph Monier, mtunza bustani wa Ufaransa, alichoshwa na vyombo vya mbao vilivyooza na vya udongo vilivyovunjika, akapaka saruji juu ya wavu wa chuma. Hataza yake ya mwaka 1867 ilikuwa ya vyungu vya bustani, na zege la nondo la maghorofa yetu lina deni kubwa kwa kazi hiyo.

Kenya nayo ina la kutufundisha. Huko yaliwahi kujengwa matangi ya maji ya mvua kwa kukandika saruji kwenye makapu makubwa yaliyosukwa kwa mfano wa ghala la nafaka. Kapu lilikuwa kalibu nzuri, lakini liliachwa humohumo lifanye kazi ya nondo. Fito zikaoza, mchwa wakaingia, mpango ukaachwa.

Kwa hiyo tumia tenga, kisha litoe. Chagua lenye mdomo mpana kuliko kitako, lifudikize, lifunike nailoni. Zungushia waya wa kuku, na juu yake wavu chakavu wa kuvulia wa nailoni kutoka mwaloni. Wavu haupati kutu na huzuia nyufa ndogo, ila unavutika, ndiyo maana waya haukwepeki. Simamisha kipande cha bomba kwenye kitako kiwe tundu la maji.

Mchanga wa Ziwa Tanganyika una faida ambayo ule wa pwani hauna: hauna chumvi ya bahari ya kula waya. Uchekeche. Changanya saruji ndoo moja kwa mchanga ndoo mbili, maji kidogo, mpaka donge lishikane mkononi bila kuchuruzika. Vaa glavu, kisha sukuma udongo huo wa saruji kwa kiganja mpaka upenye matundu yote; palipobaki hewa ndipo patakapovunjika. Tabaka la pili lipake kesho yake. Funika kwa magunia mabichi siku saba. Likikauka upesi kwa jua la kiangazi, litapasuka.

Ukishatoa tenga, na kabla ya kupanda, kijaze chungu maji na uyamwage mara kadhaa, maana saruji mpya hutoa chokaa inayounguza mizizi. Na kiweke mahali pake kwanza ndipo utie udongo: kinachukua lita 120 hivi, na udongo huo ukilowa unakaribia kilo 200.