Lanina Angegoma Vipi Leo?

Nilisoma Kilio cha Haki nikiwa nyumbani Kapsoit, mwaka ule niliotoka chuo bila digrii. Mamangu alikuwa ndio amerudi kuchuna majani chai. Akaniuliza kitabu ni cha nini na masomo nimeacha. Nikamwambia kinahusu mwanamke kibarua kama yeye, aliyewaongoza wenzake kudai haki yao.

"Na wakamfanya nini?"

"Walimfunga."

Hakushangaa.

Tamthilia hii ya Alamin Mazrui ilitoka mwaka 1981. Lanina anafanya kazi katika shamba la Delamon, mlowezi, na sheria ya huko inamlinda Delamon. Wanaoiona kuwa ni uchochezi wameisoma haraka. Swali lake ni la haki kabisa: nitaitiije sheria iliyotungwa ili ninyamaze? Huku kwetu Kericho hilo si la jukwaani tu. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria mahsusi ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai hadi Gwassi. Naye Mazrui mwenyewe alitiwa kizuizini mwaka 1982, bila kufunguliwa mashtaka, na serikali ya nchi huru.

Ukweli usemwe lakini, Lanina ana bahati moja: adui yake anaonekana. Sheria ni ya mkoloni, basi kuivunja hakumsumbui msomaji. Sasa sheria ni yetu. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya kugoma. Kwenye karatasi, Lanina alishinda.

Hapo ndipo Mazrui ananiacha kwa mataa. Mgomo wa Lanina una nguvu kwa sababu Delamon anahitaji mikono. Asipoihitaji je? Mashine ya kuchuna chai haivunji sheria yoyote. Haimkatazi mamangu kugoma. Inafanya tu mgomo wake usimuumize mtu. Haki inabaki, makali yanaondoka.

Mei 2023 mashine hizo zilichomwa hapa Kericho, na mtu akafa kwenye ghasia. Siwezi kuutetea moto huo. Kuna mama aliyezika. Lakini kuuita uhuni na kuishia hapo ni kukataa kuuliza: mtu aliyepewa uhuru usio na nguvu atautumia vipi?

Siku hiyo rafiki zangu walinipigia simu. Mama alisimama mlangoni, akasema siendi popote. Nikakaa. Mpaka leo najiambia nilitii sheria, ilhali nilimtii mama tu.

Kisomeni Kilio cha Haki, bado kina moto wake. Ila mkifika Lanina anapowaambia wenzake waungane, jiulizeni kama Delamon angekuwa anasikiliza, au angekuwa dukani akiagiza mashine.