Vita ya Haki: Nani Anakata Shauri?

Mtakatifu Tomasi wa Akwino anataka mambo matatu kusudi vita iwe ya haki: mkubwa mwenye mamlaka aiamuru, sababu iwe ya haki, nia ya wapiganaji iwe njema. Kila mseminari anajua fundisho hili. Sisi tunaoandika hapa Karavia, mjini Lubumbashi, shurti tulipime kwa mambo yaliyopita katika mji huu, ulipoitwa bado Elisabethville.

Tutazame neno la kwanza. Tarehe 11 Julai 1960 Bwana Tshombe alitangaza kwamba Katanga ni inchi ya kujitawala. Serkali ya Léopoldville ilikataa. Nayo ONU ilipewa ruhusa, tarehe 21 Februari 1961, kutumia nguvu ikiwa njia zingine zimeshindikana, ili kuzuia vita ya ndugu kwa ndugu. Wakubwa watatu, amri tatu! Katika Septemba na Desemba 1961 risasi zililia mjini, na pande zote zilisema zinajikinga. Lakini hata katika baraza ya kijiji, mwenye shauri hakati shauri lake mwenyewe.

Je, tulitupe fundisho? Hapana. Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika Gaudium et spes (1965), uliwasifu wanaokataa kutumia nguvu pasipo kuvunja haki za wengine. Lakini haukuondoa haki ya serkali kujikinga, njia zote za amani zikiisha. Baba Mtakatifu Fransisko, katika Fratelli tutti (2020), alikwenda mbele zaidi: ni vigumu sana leo kusema kwamba vita fulani ni ya haki.

Neno hilo tunalipokea kwa shukrani. Ila sababu anayoitia nguvu ni silaha kubwa za siku hizi zenye kuangamiza watu wengi. Hapo tunaona upungufu. Kule Kongolo, tarehe 1 Januari 1962, wamisionari 20 wa Shirika la Roho Mtakatifu waliuawa na waaskari, na bunduki zilitosha. Hatari ilikuwa zamani katika moyo wa mtu anayejihukumia haki, mbele ya silaha hizo kutengenezwa.

Anayemkinga mtoto asiuawe, hatumhukumu. Lakini mkristu akija kwa padri au kwa mkatekista kuomba baraka juu ya vita yake, aulizwe kwanza: nani mwingine, asiye wa upande wako, amesikiliza shauri hili? Akikosa jibu, asibarikiwe. Masharti ya Mtakatifu Tomasi yawe kufuli ya mlango wa vita. Wengi mno wameyafanya ufunguo.