Kiraka cha Ncha ya Mguu

Ukimwona mrukaji wa miamvuli wa zile timu zinazoshikana na kuunda maumbo angani, macho huvutwa na mwavuli mgongoni, kofia ngumu, na ile saa ya mkononi inayosoma kimo badala ya wakati. Miguuni hakuna anayetazama. Ovaroli yake haikomei kwenye kifundo. Inashuka, inafunika kiatu mpaka kwenye vidole, kisha inazuiwa na mkanda wa lastiki unaopita chini ya soli. Mimi nadhani hapo ndipo penye ufundi wote wa vazi lile.

Anayeanguka kifudifudi hushuka kwa kasi ya kilomita 190 hivi kwa saa, na kwa kasi hiyo hewa huwa nzito, mtu anaweza kuiegemea. Akikunja magoti, anatulia mahali pake. Akinyoosha miguu kidogo, upepo unapiga kitambaa kilichotanda kutoka gotini hadi kidoleni na kumsukuma mbele. Akinyoosha mmoja kuliko mwenzake, anageuka. Katika mashindano ya watu 4, timu hupewa sekunde 35 za kuunda maumbo mengi kadiri ya uwezo wao, wakishikana na kuachiana huku mpiga picha akiwarekodi kutoka juu. Na tarehe 8 Februari 2006, warukaji 400 walishikana wakawa umbo moja juu ya Udon Thani, Thailand. Fikiria walioanzia mbali kabisa na kitovu: hakuna kamba ya kuwavuta wala injini ya kuwasukuma. Walikuwa na mwili na nguo basi.

Sasa ajabu yenyewe ni kwamba upepo wote huo haukitii kitambaa jeraha la maana. Kinachokimaliza ni kutembea. Ni zile hatua za kutoka alipotua hadi kwenye mkeka wa kukunjia mwavuli, kisha kwenda kwenye ndege, kisha kupiga magoti mlangoni akisubiri zamu. Kokoto, lami ya moto, ngazi ya chuma yenye meno. Pale Eloy, katika jangwa la Arizona, ardhi ni ngumu na ina miiba. Diani, pwani ya kusini ya Kenya, warukaji hutua ufukweni, na mchanga ule laini unaosifiwa na wageni huingia kwenye zipu na kuisaga. Mbaya kuliko yote ni yule anayetua kwa kuburuza vidole. Kutua mara moja kwa namna hiyo kunaweza kula nguo kuliko kuruka mara nyingi.

Kwa hiyo utunzaji huanza kabla ya sindano. Mrukaji mwenye adabu akishatua hufungua zipu, akavitoa vifuniko kwenye viatu na kuvikunja juu, akatembea navyo kama mzee wa Lamu aliyeinua kanzu asiichafue kwa tope. Huvivaa tena dakika za mwisho, karibu na ndege. Kiatu nacho kina sehemu yake: soli iwe laini, na pale penye kamba pasiwe na vile vindoano vya chuma, maana vinatoboa kitambaa kutoka ndani, na ni vya hatari zaidi vikinasa kamba za mwavuli.

Wapo wanaofunga ncha za vifuniko kwa utepe wa plastiki wenye gundi. Siipendi. Hubanduka, huacha unato, na unato hukusanya mchanga. Gundi ya viatu inayobaki laini ikikauka ni afadhali, ikipakwa nyembamba kwenye ncha ili isagike yenyewe badala ya nguo. Lakini lililo bora ni kiraka, na kiraka hakitaki haraka.

Fundi hukata kipande cha nailoni nzito chenye umbo la yai, kwa sababu pembe ndiyo huinuka kwanza ikakwama kila mahali. Hupitisha mwale wa kiberiti cha gesi kandokando, mbali kidogo, mpaka nyuzi zigandane na zisifumuke; akiusogeza sana, ukingo unakuwa mgumu na kukata kitambaa cha jirani. Kisha anakuja kwenye uamuzi ambao ndio unaonifanya nimvulie kofia: mshono upite wapi? Ukipita pale pale panapogusa ardhi, uzi uliojitokeza juu husagika kabla ya kitambaa, na kiraka kizima kinaning'inia kikiwa bado kipya. Kwa hiyo hukiongeza ukubwa, akapandisha mshono ubavuni, mistari miwili, kwa uzi wa nailoni. Kiraka chenyewe kimewekwa pale ili kife. Mwakani atakifumua na kushona kingine, na ovaroli iliyo chini yake itakuwa haijui kilichotokea.

Lastiki ndiyo kazi inayosahaulika. Ya kushoto ikilegea kuliko ya kulia, kifuniko kimoja hushika hewa tofauti na mwenzake, na mrukaji anaanza kugeuka polepole asikotaka. Atalaumu goti lake, atalaumu kocha, atalipia muda wa mazoezi kwenye mnara wa upepo, ule wa kuigizia kuanguka. Fundi akimwambia ni lastiki hacheki, ila hubadilisha zote mbili kwa pamoja, hata kama moja ingali nzima.

Mengine ni ya nyumbani: maji baridi, sabuni kidogo, kuanika kivulini kwa kuwa jua hudhoofisha nailoni, na kipande cha mshumaa kusuguliwa kwenye zipu. Halafu kuna kipimo. Vifuniko hukatwa kwa kufuata kiatu, si mguu, na kila kiatu kipya chenye soli nene kinavuta lastiki na kubana ncha mahali ambapo fundi hakupakusudia. Anayenunua viatu vipya aende navyo kwa fundi kabla ya kwenda navyo uwanjani, na anayeazima ovaroli ya mtu mwenye mguu mdogo kuliko wake asirudi na ncha zilizochanika akidai mshono ulikuwa mbovu.